Hayati Dakta Flavier: Tabibu, Baba na Mwalimu wa Vijijini

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma juu ya maisha ya hayati Dakta Juan Flavier wa Ufilipino.)



Mtu anapofariki dunia, jamaa hukaa matangani wakahesabu aliyoyaacha. Wako wanaohesabu nyumba, mashamba na fedha iliyoko benki. Wako wanaohesabu watoto na wajukuu. Lakini iko hesabu ya tatu, ambayo haifanywi na mwanasheria wala na wazee wa ukoo. Hiyo ni hesabu ya watu ambao marehemu hakuwajua kwa sura wala kwa majina, nao wangali hai, au wangali wakitembea kwa miguu yao miwili, kwa sababu yeye alipata kuishi na kufanya kazi yake.

Hesabu hiyo ya tatu ndiyo inayostahili kufanywa kwa ajili ya Dakta Juan Flavier, aliyefariki nchini Ufilipino tarehe 30 Oktoba, 2014, akiwa na umri wa miaka 79. Kwa mkewe Susana na kwa watoto wao alikuwa mume na baba. Kwa wakulima wa mpunga wa jimbo la Nueva Ecija alikuwa daktari. Kwa taifa zima, ambalo alilitumikia kama Waziri wa Afya na kisha kama Seneta, alikuwa Doc Johnny, jina ambalo hata mtoto wa shule aliweza kulitamka bila woga.

Maisha yake yanauliza swali ambalo kila mtumishi wa umma mwenye familia amepata kujiuliza usiku, taa ikiwa imezimwa. Je, mtu aweza kuwa baba mwema wa nyumba yake na papo hapo mtumishi mwema wa watu wengine? Au ni lazima moja limle jingine?

Juan Flavier alizaliwa tarehe 23 Juni, 1935, huko Tondo, mtaa wa makabwela katika mji wa Manila. Alilelewa Baguio, mji wa milimani kaskazini ya kisiwa cha Luzon. Utoto wake uliangukia katika miaka ya vita. Wajapani waliivamia Ufilipino Desemba 1941, na vita vilipokwisha mwaka 1945, Manila ilikuwa imegeuka magofu. Mwaka uliofuata nchi ikapata uhuru kutoka kwa Marekani, iliyoitawala tangu mwishoni mwa karne ya 19. Kijana Flavier alikuwa mfupi wa kimo, na hata alipokuwa mtu mzima hakufikia futi 5. Watu wengine wangeliona hilo kuwa ni kasoro. Yeye aliligeuza kuwa chanzo cha mzaha, na mzaha huo ukawa ufunguo wa milango mingi. Mtu akijicheka mwenyewe kwanza, wanaomsikiliza huona kwamba hakuja kuwacheka wao.

Mwaka 1960 alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Ufilipino. Hapa hapana budi kueleza hali ya madaktari wa nchi hiyo wakati ule. Masomo yao yalifundishwa kwa Kiingereza, kwa mtindo wa Marekani, na vitabu vyao vilieleza maradhi ya Marekani. Kijana aliyehitimu alikuwa tayari kufanya kazi katika hospitali ya Chicago kuliko katika kijiji kilicho maili 20 kutoka nyumbani kwao. Marekani ilipoilegeza sheria yake ya uhamiaji mwaka 1965, maelfu ya madaktari na wauguzi wa Kifilipino walifunga safari. Si haki kuwalaumu wote. Wengi wao walikuwa wazazi, na mzazi hutaka karo ya watoto, dawa za wazee na paa lisilovuja. Hata hivyo matokeo yake yalikuwa wazi: nchi maskini ilikuwa ikiwasomesha madaktari kwa ajili ya nchi tajiri, na mwanakijiji aliyelipa kodi alikuwa akifa kwa kuhara.

Flavier naye alikwenda Marekani. Alisoma elimu ya afya ya umma katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, na mwaka 1969 akatunukiwa shahada. Tofauti yake na wengi ni kwamba alirudi, tena hakurudia mjini. Alirudi kwa wakulima wale wale aliokuwa ameanza kuwatumikia mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Uamuzi wa namna hiyo hauwi wa mtu mmoja. Mtumishi anapokubali kazi ya kijijini, haupungui mshahara wake peke yake, bali hupungua pia kitoweo mezani, na mke na watoto huingia katika mpango ambao wao hawakuuandika. Kwa hiyo sifa za Dakta Flavier haziwezi kutenganishwa na sifa za nyumba yake. Kwa karibu miaka 30 aliweza kuwatumikia wanavijiji kwa sababu nyuma yake palikuwa na familia iliyokubali kuishi maisha ya kadiri. Mara nyingi watumishi husifiwa kana kwamba walifanya kazi peke yao. Huo ni upungufu wa haki.

Chama alichojiunga nacho kilikuwa Harakati ya Ujenzi Mpya wa Vijiji vya Ufilipino, iliyoundwa mwaka 1952. Chimbuko lake ni la kushangaza. Mwaka 1918, mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, kijana mmoja msomi wa Kichina aliyeitwa James Yen alikwenda Ufaransa kuwahudumia vibarua wa Kichina waliokuwa wakichimba mahandaki na kubeba mizigo ya majeshi. Kazi yake ilikuwa kuwaandikia barua za kupeleka kwa jamaa zao. Barua zilipozidi, akaamua kuwafundisha kuandika wenyewe. Wakajifunza, tena kwa haraka. Hapo Yen akatambua kwamba ujinga ulikuwa upande wake yeye, msomi aliyefika Ufaransa bila kujua kwamba kibarua ana akili kama yeye na kwamba alichonyimwa ni nafasi tu.

Yen aliporudi China aliendesha kazi kubwa katika wilaya ya Dingxian, mpaka ilipovunjwa na uvamizi wa Wajapani mwaka 1937. Huko wakulima wa kawaida walifundishwa kuchanja, kusafisha visima na kutibu maradhi madogo, miongo kadhaa kabla dunia haijazisikia habari za madaktari wa vijijini. Maadui aliowataja walikuwa umaskini, ujinga, maradhi, na udhaifu wa wananchi katika kujiongoza wenyewe. Mwalimu wa Tanzania hahitaji kutafsiriwa orodha hiyo, kwa kuwa watatu kati ya hao alifundishwa kuwataja tangu akiwa darasani. Jambo ambalo Yen alilitilia mkazo ni kwamba maadui hao wanne ni ndugu. Ukimpiga mmoja ukawaacha watatu, wale watatu watamfufua mwenzao.

Hayo ndiyo mafunzo aliyoyapokea Dakta Flavier, na ndiyo aliyoyaendeleza alipokuwa kiongozi wa Harakati hiyo na baadaye wa Taasisi ya Kimataifa ya Ujenzi Mpya wa Vijiji iliyoko Silang, katika jimbo la Cavite. Taasisi hiyo ilipokea wanafunzi kutoka Asia, Amerika ya Kusini na Afrika, na baadaye ikafungua kazi zake barani Afrika, Kenya ikiwamo. Kwa hiyo habari za daktari huyu si za mbali kama ramani inavyoweza kudanganya.

Je, alifanya nini vijijini? Kwanza alijifunza kusema. Daktari kijana anapofika kijijini huwa amebeba lugha ya hospitali. Humwambia mama habari za vijidudu visivyoonekana, naye mama huitikia kwa adabu, kisha hurudi nyumbani akafanya kama alivyofanya bibi yake. Daktari huandika katika taarifa yake kwamba wananchi ni wagumu wa kuelewa. Flavier aliuona ugumu huo upande wa pili, kwamba msemaji ndiye aliyekuwa mgumu wa kueleweka. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na daktari huyu, ambaye Mungu alikwisha kumpunguzia safari ya kuinama, aliinama kuliko wote.

Aliichukua elimu ya afya akaivika nguo za kilimo. Alipotaka kuzungumza juu ya uzazi wa majira, jambo zito katika nchi ya Kikatoliki, hakuanza na mwili wa mwanamke wala na takwimu za Serikali. Alianza na shamba. Mkulima anajua kwamba miche ikisongamana hunyang'anyana maji, mbolea na jua, ikatoa mazao hafifu. Anajua kwamba ardhi iliyolimwa bila kupumzishwa huchoka. Hayo hakufundishwa na mtu wa mjini, kwani aliyarithi kwa babaye. Kutoka hapo hadi kwenye mama aliyechoka kwa kuzaa mfululizo, na watoto wanaogombea sahani moja, ilikuwa ni hatua fupi, na mkulima aliweza kuikanyaga mwenyewe bila kusukumwa. Njia hiyo Flavier aliieleza katika maandishi yake, na mwaka 1970 akatoa kitabu kiitwacho Doctor to the Barrios, yaani daktari wa vijijini, ambacho kilisomwa mbali kupita mipaka ya nchi yake.

Aidha, hakudharau dawa za miti. Katika kipindi cha uwaziri wake, Wizara ya Afya iliitangaza mimea 10 iliyokwisha kuchunguzwa na wataalamu wa nchi hiyo, kwa matumizi ya nyumbani. Baadhi yake yamo katika bustani za Pwani ya Afrika ya Mashariki: mpera, ambao majani yake hutumika kusafishia vidonda, karela, na kitunguu saumu. Shabaha haikuwa kumrudisha mwananchi kwa mganga wa ramli. Shabaha ilikuwa kutenganisha kilichothibitishwa na kisichothibitishwa, ili maskini asilipe fedha nyingi kwa dawa ya kikohozi wakati jani la kufaa liko nyuma ya jiko lake. Akiwa Seneta, alisimamia sheria ya mwaka 1997 iliyoipa tiba ya asili mahali pake rasmi.

Mwaka 1992 Rais Fidel Ramos alimteua kuwa Waziri wa Afya. Wakati huo sheria mpya ilikuwa ikizitoa hospitali na zahanati mikononi mwa Wizara na kuzikabidhi kwa serikali za mitaa, na vurugu ya makabidhiano ilikuwa kubwa. Waziri mwingine angelijifungia ofisini na mafaili. Flavier alifanya mambo matatu ambayo yafaa kuelezwa kwa kirefu kidogo.

La kwanza ni polio. Ugonjwa huu humwingia mtoto kwa njia ya kinywa, kutokana na maji au chakula kilichochafuliwa na choo, na katika watoto wachache kati ya wale wanaoambukizwa hushambulia mishipa ya fahamu na kupooza viungo daima. Hauna tiba, lakini una kinga, nayo ni matone machache ya chanjo mdomoni. Taabu ni kwamba mtoto mmoja mmoja akichanjwa leo na mwingine mwezi ujao, virusi hupata mahali pa kujificha. Watoto wote wakichanjwa kwa wakati mmoja, virusi hukosa nyumba ya kulala. Mwaka 1993 Flavier alitangaza siku za chanjo za taifa zima, akaziita Oplan Alis Disis, yaani Operesheni Ondoa Maradhi. Walimu, wanajeshi, makanisa, wafanya biashara na vikundi vya akina mama viliitwa kazini, na mamilioni ya watoto wa chini ya miaka 5 walipata matone yale. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini Ufilipino alionekana mwaka huo huo wa 1993, na mwaka 2000 eneo lote la Pasifiki ya Magharibi lilitangazwa kuwa halina tena polio hiyo.

La pili ni madaktari. Kulikuwa na wilaya ndogo zaidi ya 200 ambazo hazikuwa na daktari hata mmoja. Mwaka 1993 Wizara ilianzisha mpango wa kuwapeleka madaktari vijana huko kwa muda wa miaka 2, ukapewa jina la kile kitabu chake. Mpango huo haukumaliza tatizo. Wengi waliokwenda waliondoka muda wao ulipokwisha, kwa sababu daktari kijana naye hupata mchumba, mtoto na wazazi wanaozeeka. Lakini mpango ulidumu baada ya mwasisi wake kuondoka Wizarani na hata baada ya kufariki kwake, jambo ambalo ni nadra kwa mipango ya mawaziri.

La tatu ni sigara. Kampeni yake iliitwa Yosi Kadiri, maneno ya mitaani yenye maana ya sigara ni kinyaa. Wasomi walinung'unika kwamba Waziri anasema lugha ya vijiwe. Lakini vijana wa vijiweni ndio waliokuwa wakianza kuvuta, na hakuna kijana aliyewahi kuiacha sigara kwa kusoma waraka wa Serikali. Alipokuwa Seneta, kuanzia mwaka 1995, aliendelea na vita hiyo mpaka ikapatikana sheria ya mwaka 2003 iliyokataza kuwauzia sigara watoto wa chini ya miaka 18 na kuyawekea mipaka matangazo ya tumbaku. Vilevile, alipokuwa katika Seneti, ilipitishwa sheria ya kutia madini joto katika chumvi. Herufi za kwanza za jina la sheria hiyo hufanya neno asin, ambalo kwa Kitagalogi maana yake ni chumvi. Hata sheria, basi, yaweza kuandikwa kwa namna ambayo mpishi jikoni ataikumbuka.

Haifai kudhani kwamba njia yake ilikuwa ya maua matupu. Alipotangaza uzazi wa majira na matumizi ya kondomu kujikinga na UKIMWI, alikabiliwa na upinzani mkali wa Kanisa Katoliki likiongozwa na Kadinali Jaime Sin, Askofu Mkuu wa Manila. Mwaka 1994 umati mkubwa ulikusanyika mjini humo kupinga mkutano wa Cairo juu ya idadi ya watu. Pande zote mbili ziliamini kwamba zinaitetea familia. Kanisa lilihofia kwamba Serikali itaingia chumbani mwa mke na mume na kuyavunja maadili. Waziri alikuwa amekaa miaka mingi katika nyumba za wakulima, na kwake familia ilikuwa na sura ya mama aliyedhoofika. Hakujibu kwa matusi, bali aliendelea kueleza, mara nyingi kwa mzaha. Alipogombea Useneta mwaka 1995, wapiga kura, wengi wao Wakatoliki, walimchagua, na mwaka 2001 wakamchagua tena. Alitumikia mpaka 2007.

Sasa yafaa kurudi kwenye swali la mwanzo. Je, aliyetumia nusu karne kuwashughulikia watoto wa wengine aliwanyang'anya watoto wake? Jibu moja limo katika namna polio inavyoambukiza. Virusi havichagui mtoto wa daktari wala wa mkulima. Maji yanayotiririka kutoka choo kibovu cha jirani hayageuki njia kwa kuheshimu shahada iliyotundikwa ukutani. Mzazi anayejenga ukuta mrefu kuzunguka nyumba yake na kuuacha mtaa uugue, hajamlinda mwanawe bali ameahirisha msiba. Kwa hiyo baba aliyehakikisha kwamba watoto wote wa nchi wanapata matone, alikuwa akifanya kazi ya ubaba kwa njia iliyo kamili kuliko zote.

Jibu la pili ni la urithi. Baba aliyehamia ng'ambo huweza kuwaachia watoto wake nyumba nzuri, na hilo si jambo la kubezwa. Baba wa aina ya Flavier huwaachia watoto wake nchi ambayo maskini humwamkia daktari kama jamaa, na jina ambalo hawalazimiki kulieleza kwa mtu. Mtoto hujifunza thamani ya binadamu kwa kumtazama mzazi wake anavyozungumza na mtu asiye na cheo. Somo hilo halina kitabu, na mtihani wake hufanywa baada ya mwalimu kufariki. Ndiyo maana ya msemo, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Hata hivyo urithi wa namna hiyo huoza usipotunzwa. Mwaka 2019, miaka mitano baada ya kufariki kwa Flavier, polio ilirudi Ufilipino. Safari hii ilitokana na virusi vya chanjo ambavyo, vikizunguka muda mrefu katika jamii yenye watoto wengi wasiochanjwa, hubadilika na kupata tena nguvu ya kupoozesha. Wazazi walikuwa wamepoteza imani, na kiasi cha uchanjaji kilikuwa kimeshuka. Ilibidi kampeni kubwa zirudiwe, watumishi wa afya wapite tena nyumba kwa nyumba, hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha mwaka 2021. Basi kazi ya mwalimu na ya mtumishi wa umma ni kama kazi ya kufagia uwanja. Aliyefagia jana alifagia vizuri, lakini majani ya leo yanamsubiri mwingine.

Ndugu Walimu na Watumishi wa Umma, si kila mtu atakuwa waziri, na si kila mtu atatunga jina la kampeni litakaloimbwa mitaani. Lakini kila mtumishi anayo meza, na mbele ya meza hiyo kila siku husimama mtu aliyetembea kutoka mbali, mwenye shida ambayo hajui kuieleza kwa lugha ya ofisi. Hapo ndipo hayati Flavier anapoweza kuigwa bila gharama yoyote. Kumsikiliza mtu huyo mpaka mwisho, na kumjibu kwa maneno ambayo yeye akifika nyumbani ataweza kumrudia mkewe au mumewe, hakuhitaji fungu jipya katika bajeti.

Na jioni, mtumishi huyo anaporudi nyumbani, watoto wake watamwuliza ametoka wapi na amefanya nini. Heri awe na jibu analoweza kuwapa bila kuinamisha macho. Mwenyezi Mungu ampumzishe hayati Dakta Flavier mahali pema.